Shampuu ya mba: Geuza chupa, soma nyuma

Kutoka Goma kuingia Rubavu ni mwendo wa miguu, lakini shampuu ya mba hubadilika lugha njiani. Upande wa Kongo chupa huandikwa "antipelliculaire". Upande wa Rwanda mara nyingi ni "anti-dandruff". Maneno yote mawili yanasema chupa inaahidi nini, si nini kilichomo.

Kilichomo huandikwa nyuma kwa herufi ndogo, na hapo hata asiyejua Kifaransa hapotei: "kétoconazole" ni "ketoconazole", "sulfure de sélénium" ni "selenium sulfide", "pyrithione de zinc" ni "zinc pyrithione". Dawa hizi hupunguza Malassezia, fangasi anayeishi kichwani mwa karibu kila mtu na anayestawi penye mafuta. Kupaka mafuta mazito juu ya mba, kama wengi walivyolelewa, huficha magamba siku mbili tatu huku fangasi akizidi kulishwa.

Hata chapa si kigezo. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku zinc pyrithione katika vipodozi tangu Machi 2022, kwa hiyo shampuu aliyoleta ndugu kutoka Brussels inaweza kuwa na dawa tofauti na ya jina lilelile dukani Kampala.

Kwa mba sugu, ketoconazole ya asilimia 2 hutumiwa mara mbili kwa wiki, kwa wiki mbili hadi nne. Povu likae kichwani dakika tatu hadi tano. Wengi husuuza papo hapo, kisha huilaumu dawa. Aliyesuka aipitishe kwenye mistari ya ngozi, maana ugonjwa uko huko, si kwenye nywele. Aliyepaka nywele rangi ajihadhari na selenium, kwani inaweza kuiharibu rangi hiyo.

Hatari kubwa zaidi iko kwa watoto. Mabaka ya mviringo yenye magamba na nywele zilizokatika kwa kawaida ni mapunye, si mba. Shampuu ya fangasi husaidia kupunguza kuambukizana shuleni na nyumbani, lakini haiponyi, kwa sababu fangasi huyu huingia ndani ya unywele wenyewe. Mtoto huhitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, kama griseofulvin, kwa maelekezo ya daktari. Mzazi akiendelea kubadilisha chupa, mapunye yaliyovimba na kutoa usaha yanaweza kuacha kovu ambalo nywele haziotei tena.