Waliotia fora enzi ya 3G

Iliyowahi kuliko zote ni NTT DoCoMo ya Japani. Tarehe 1 Oktoba 2001 ilifungua FOMA, mtandao wa kwanza wa biashara duniani wa 3G ya aina ya W-CDMA, wenye kasi ya kilobiti 384 kwa sekunde. Afrika ilitanguliwa na Emtel ya Mauritius, mwaka 2004.

Bei iliyovunja rekodi ni ya Ujerumani. Mnada wa masafa wa Agosti 2000 uliipatia serikali takriban yuro bilioni 50.8 kwa leseni 6, na hakuna mteja hata mmoja aliyekuwa amepiga simu ya 3G. Kampuni ya Quam, mmoja wa washindi, ilitoa zaidi ya bilioni 8, haikujenga mtandao, na leseni ikafutwa. Hasara hiyo inauma: fedha za minara ziliishia kwenye karatasi.

Kwa urefu, Ncell ya Nepal ilisimamisha kituo cha 3G Gorak Shep mwaka 2010, kwenye mita 5,200 hivi, njia ya kwendea Everest. Mei 2011 mpanda milima Kenton Cool akatuma ujumbe wa Twitter kutoka kileleni.

Lakini rekodi ninayoienzi zaidi haionekani kwa macho. Kwenye W-CDMA simu nyingi hutumia masafa yale yale kwa wakati mmoja, zikitenganishwa kwa misimbo. Iliyo karibu na mnara ikitoa nguvu nyingi, huifunika iliyo mbali. Kwa hiyo mnara huiamuru kila simu ipandishe au ishushe nguvu mara 1,500 kwa sekunde. GSM, teknolojia ya 2G, ilifanya hivyo mara 2 tu. Daladala ikikata kona nyuma ya ghorofa, maelfu ya amri yameshapita kabla dereva hajanyoosha usukani.

Na kipimo kidogo cha malipo? DoCoMo, kwenye i-mode, huduma yake ya intaneti ya simu, ilitoza yeni 0.3 kwa pakiti ya baiti 128. Data ikikatwa pakiti, simu isiyo na cha kutuma haizuii njia ya wengine, na mteja hulipia alichopitisha, si dakika alizokaa hewani. Hesabu hiyo ndiyo tuliyoizoea kwenye modemu za USB: unachomeka, taa inawaka, na MB zinakatwa hata kama umelala, ilimradi kompyuta inapakua masasisho.