Gikondo au Kampala?

Kijana wa Kigali anayetaka shahada ya biashara katika chuo kikuu cha umma, bila kwenda mbali sana, huvutwa na majina mawili: Chuo Kikuu cha Rwanda na Makerere cha Uganda. Tuanze kwa kuuliza majina hayo yanabeba nini.

Chuo Kikuu cha Rwanda kiliundwa 2013 kwa kuunganisha vyuo vya umma vilivyokuwa vikijitegemea, kikiwamo kile kikongwe cha Butare. Somo la biashara liko chini ya Koleji ya Biashara na Uchumi, Gikondo mjini Kigali, palipokuwa na chuo cha fedha na benki. Makerere, iliyoanza 1922, ina sehemu mbili zinazofundisha biashara: koleji iliyo kwenye kilima cha Makerere, na shule ya biashara ya Nakawa, MUBS, iliyoanzishwa 1997. Kila moja ina uongozi wake. Kwa hiyo anayesema "naenda Makerere" aulizwe: Makerere ipi?

Pili ni fedha. Tutofautishe karo na gharama. Karo ni kile kinacholipwa chuoni. Gharama ni karo pamoja na chumba, chakula, nauli na hasara ya kubadilisha faranga kuwa shilingi. Wazazi wengi hulinganisha karo, wakashtushwa na gharama. Anayesoma Gikondo akilala kwao Kicukiro anakula chungu kimoja na wadogo zake. Tena aliyepangwa na serikali katika chuo cha umma nchini anaweza kuomba mkopo unaosimamiwa na Benki ya Maendeleo ya Rwanda. Wanafunzi wenyewe huuita buruse, ingawa ni deni.

Tatu ni njia, jambo ambalo huwa halimo katika hesabu za watu. Basi la usiku la Kampala hutoka kituo cha Nyabugogo, Kigali; mpakani Gatuna abiria hushuka, kila mmoja na kitambulisho mkononi, hupanga foleni, kisha huvuka mpaka kwa miguu na kupanda tena. Ni safari ya kawaida, mpaka inapokatika. Februari 2019 mpaka huo ulifungwa, ukafunguliwa tena 31 Januari 2022: karibu miaka mitatu, ambayo ndiyo urefu wa shahada ya kwanza ya biashara Kampala. Aliyekuwa huko hakuweza kusema tu kwamba Ijumaa anakwenda nyumbani.

Kuhusu kutambuliwa kwa shahada, hofu ipungue. Mei 2017 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza Eneo la Pamoja la Elimu ya Juu, na Makerere si jina geni kwa waajiri wa Kigali.

Linalobaki ndilo zito kuliko yote. Mwanafunzi wa biashara, nje ya darasa, hujifunza watu: nani anauza kwa mkopo, nani hulipa kwa wakati, benki ipi hupokea wanafunzi wa mazoezi. Maarifa hayo hayahami kwa urahisi kutoka mji hadi mji.

Kwa hiyo atakayefanya kazi Kigali, ushauri wangu ni Gikondo, na akiba itakayobaki ilipie mitihani ya uhasibu ya ICPAR, taasisi ya wahasibu wa Rwanda. Ambaye duka la nyumbani kwao linajazwa na mzigo wa Kampala, huyo aende Kampala, maana wauzaji wake wako huko. Ila asilipe hata faranga moja kabla ya kuona barua ya udahili iliyotaja kampasi.