Duka Kitale, Tawi Bungoma: Jinsi ya Kuchagua Mfumo wa ERP Bila Kujuta

Ni Jumamosi jioni, mwezi wa Aprili. Una duka la pembejeo Kitale na tawi Bungoma. Tangu asubuhi wakulima wamepanga foleni wakitaka DAP na mbegu. Sasa umefunga mlango na unataka kujua kitu kimoja tu: leo tumeuza ngapi, na zimebaki ngapi?

Daftari linasema magunia 14 ya mbolea yamebaki. Ukihesabu stoo, ni 11. Unapiga simu Bungoma, shemeji yako anakujibu, "Ngoja nihesabu, nitakutumia kwa WhatsApp." Pesa zingine zimeingia kwa Till. Zingine zimeingia kwa simu yake, kwa sababu mteja alisema Till inamsumbua. Zingine ziko kwa droo.

Hayo magunia matatu yako wapi? Pengine yaliuzwa kwa deni na hakuna aliyeandika. Pengine yalipandishwa gari la Bungoma siku ya Alhamisi. Pengine yameibwa. Huwezi kujua, na mtu asipojua huanza kushuku watu wake.

Hapo ndipo wenye biashara hutuuliza: "Ninunue mfumo gani?" Tutajibu, lakini tuanze mbele kidogo ya swali hilo.

ERP ni nini kwa lugha ya duka?

Jina ERP lilianza kutumiwa na kampuni ya utafiti ya Gartner mwaka 1990, wakati huo likihusu viwanda vikubwa. Wazo lenyewe si gumu: jambo moja linaandikwa mara moja, na kila anayelihitaji analiona.

Gunia moja likiuzwa Bungoma, stoki ya Bungoma inapungua, mauzo yanaongezeka, deni la mkulima linaingia kwa jina lake kama hakulipa yote, risiti ya kodi inatoka, na wewe ukiwa Kitale unaona. Hakuna mtu wa kunakili kutoka daftari hili kwenda lile. Hapo ndipo ERP inatofautiana na programu ya kutoa risiti peke yake. Programu ya risiti inajua ulichouza leo. ERP inajua pia ulinunua kwa bei gani, kutoka kwa nani, kiko stoo ipi, na nani bado hajalipa.

Je, umefika hapo?

Kama una duka moja na wewe mwenyewe ndiye unauza, ngoja kwanza. Daftari safi, Till ya biashara na stetimenti ya kila mwezi vinatosha. Anza kufikiria ERP ukiona mambo haya:

- Bidhaa zinahama kati ya matawi mawili au zaidi.
- Watu zaidi ya mmoja wanapokea pesa.
- Unatoa bidhaa kwa deni hadi mavuno, na orodha ya wadeni iko kichwani mwako.
- Huwezi kusema ni tawi gani lilileta faida mwezi uliopita.
- Mauzo yako ya bidhaa zinazotozwa VAT yanakaribia shilingi milioni 5 kwa mwaka, ambapo sheria inakutaka ujisajili.

Ukiwa na moja tu, bado una nafasi. Ukiwa na matatu, anza kujipanga.

Kwanza, fuata gunia moja

Kabla hujampigia muuzaji yeyote wa programu, chukua kalamu na karatasi. Chagua gunia moja la mbolea na ulifuate kuanzia lilipoagizwa mpaka pesa yake ilipoingia. Nani aliagiza? Nani alilipokea stoo, na aliandika wapi? Nani aliruhusu lipelekwe Bungoma, na nani alilipa gari? Liliuzwa zima au lilifunguliwa likauzwa kwa kilo? Mkulima alilipa yote, au nusu?

Utapata mahali ambapo njia inakatika. Maduka mengi hukatikia pale bidhaa inapohama tawi: Kitale wanasema imetoka, Bungoma hawajaandika imeingia. Hiyo haiponi kwa kompyuta. Kompyuta haijui nani anaruhusiwa kutoa gunia stoo mpaka wewe uamue. Weka kanuni kwanza, kwa mfano: hakuna gunia linalopanda gari bila karatasi yenye sahihi mbili, ya anayetoa na ya anayepokea. Ijaribu mwezi mmoja kwa daftari. Ikifanya kazi kwa daftari, itafanya kazi kwa mfumo. Ikishindikana kwa daftari, utakuwa umejua kabla hujalipa mtu.

Maswali sita ya kumuuliza muuzaji

Soko lina mifumo mingi. Ipo mikubwa ya kimataifa kama SAP, Oracle na Microsoft Dynamics. Ipo Odoo kutoka Ubelgiji na ERPNext kutoka India, ambayo ina matoleo huria unayoweza kuyatumia bila kulipia leseni. Ipo pia iliyotengenezwa hapa nchini. Usichague kwa jina. Uliza haya, na umwambie muuzaji akuonyeshe mbele yako kwa bidhaa zako mwenyewe.

1. Vipimo. Unanunua mbolea kwa gunia la kilo 50, unauza kwa kilo. Ukinunua mahindi pia, yanaingia kwa gunia na yanatoka kwa gorogoro. Mfumo ukihesabu gunia na kilo kama bidhaa mbili tofauti, stoki yako itaharibika wiki ya kwanza. Mwambie auze kilo 7 kutoka gunia moja, uone kama zinabaki 43.

2. Stima na mtandao. Zikipotea wakati wa foleni, unaendelea kuuza? Mauzo yatajipeleka yenyewe mtandao ukirudi, au mtu ataandika upya?

3. Kodi. Tangu Januari 1, 2024, kwa kawaida KRA haikubali gharama ya biashara isiyo na ankara ya eTIMS. Kwa hivyo mteja mwenye biashara yake atakudai ankara hiyo. Mfumo unaounganishwa moja kwa moja na eTIMS lazima uwe umeidhinishwa na KRA. Omba ushahidi, usiridhike na "tunashughulikia".

4. Deni. Je, unaweza kuona mkulima gani anadaiwa, tangu lini, na alilipa kidogo kidogo kiasi gani? Uliza pia nani anaweza kuona majina na nambari za simu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakuwajibisha wewe unayezitunza.

5. Kuondoka. Siku nikitaka kuhama, nitapata data yangu yote kwa faili ninayoweza kufungua mwenyewe? Mwaka 2024, iProcure, kampuni ya Kenya iliyokuwa ikihudumia maduka ya pembejeo kwa bidhaa na programu ya stoki, iliwekwa chini ya msimamizi wa kisheria. Kampuni yoyote inaweza kupata shida, hata kubwa. Pakua nakala ya data yako kila mwezi, uiweke mahali pako.

6. Gharama ya miaka mitatu. Ada ya mwezi ni sehemu tu. Je, inatozwa kwa kila mtumiaji? Jumlisha usakinishaji, kuhamisha data, mafunzo, kompyuta, printa, mtandao, na mtu wa kuitwa mambo yakikwama. Programu huria haina leseni ya kulipia, lakini anayekuwekea hafanyi kazi ya bure.

Pesa ya simu: hapa usikosee

Sehemu hii tunaijua vizuri, kwa hivyo wacha tuiseme wazi.

*Kila tawi liwe na mlango wake wa pesa.* Till moja ikitumiwa Kitale na Bungoma, jioni utakuwa unauliza kila malipo ni ya nani. Weka Till kwa kila tawi, au tumia Paybill moja yenye nambari ya akaunti inayotambulisha tawi au ankara.

*Simu ya mtu binafsi isiwe Till.* Hata kama ni simu ya shemeji unayemwamini. Pesa ikipita huko haionekani kwenye stetimenti ya biashara, na mfumo hauwezi kuioanisha na mauzo. Tena unamweka yeye pabaya: siku hesabu ikikosana, hana cha kuonyesha kwamba hakula. Kumkataza kupokea kwa simu yake ni kumlinda.

*Oanisha kwa nambari ya muamala.* Kila malipo yana nambari yake ambayo hairudiwi. Mfumo mzuri unapokea taarifa ya malipo moja kwa moja kutoka kwa mtoa huduma, unasoma nambari hiyo na kuifungia kwa ankara. Kama bado hamjaunganishwa, muuzaji aandike nambari hiyo kwenye kila mauzo. Kiasi peke yake hakitoshi, maana wakulima watano wanaweza kulipa shilingi 2,500 kwa saa moja.

*Usitoe bidhaa kwa kuonyeshwa meseji.* Meseji kwa simu ya mteja inaweza kuwa imetengenezwa. Malipo ni yale yaliyofika upande wako. Angalia pia malipo yaliyorudishwa, ili yasibaki yakihesabiwa kama mauzo.

*Linganisha kila siku.* Mauzo ya mfumo, stetimenti ya Till, pesa ya droo na madeni mapya vikubaliane kabla ya kufunga. Tofauti ya leo utaikumbuka. Ya mwezi uliopita itabaki ugomvi.

Usiwashe mfumo msimu wa kupanda

Mwaka 1999, Hershey, kampuni kubwa ya chokoleti Marekani, iliweka mfumo mpya uliogharimu takriban dola milioni 112. Mpango ulikuwa kuuwasha Aprili. Kazi ikachelewa, wakauwasha Julai, wakati maduka yalikuwa yanaanza kuagiza peremende za sikukuu ya Halloween. Tena waliwasha sehemu nyingi kwa pamoja. Peremende zilikuwepo ghalani, lakini mfumo haukuweza kuzifikisha kwa wateja kwa wakati. Maagizo ya takriban dola milioni 100 hayakutimizwa.

Kampuni hiyo ilikuwa na pesa na wataalamu, na ilisimama tena. Duka lako likikosa kuuza mbolea ya kupandia, mkulima atavuka barabara, na hiyo mbolea hatainunua tena mpaka mwaka ujao.

Kwa hivyo soma kalenda ya shamba kabla ya kalenda ya muuzaji. Machi na Aprili ni kupanda. Mei na Juni ni mbolea ya kukuzia. Kuanzia Oktoba mahindi yanavunwa, na wadeni wako ndio wanalipa. Nafasi yako iko kati ya Julai na Septemba. Na kwa sababu upande wa Bungoma wengine hupanda tena mvua za Agosti, anza na Kitale. Muuzaji akikuambia bei nafuu inaisha Machi, mwache na bei yake.

Hatua kwa hatua

- Wiki ya 1 na 2: Safisha orodha. "DAP 50", "dap gunia" na "D.A.P" ziwe jina moja. Andika wadeni wote na umpigie kila mmoja mkubaliane kiasi.
- Wiki ya 3: Funga duka nusu siku, mhesabu stoki yote kwa mkono. Usiingize takwimu za daftari bila kuhesabu.
- Wiki ya 4 hadi 7: Washa Kitale peke yake, kwa mauzo na stoki tu. Daftari liendelee pembeni. Kila jioni linganisha.
- Hesabu zikikubaliana wiki mbili mfululizo: Weka daftari kabatini, kisha uanze Bungoma kwa njia hiyo hiyo.
- Baadaye: Ongeza manunuzi, mishahara na ripoti, moja baada ya nyingine.

Ndiyo, kuandika mara mbili kunachosha. Lakini ni mwezi mmoja tu, na ndio utakaokuonyesha kosa likiwa bado dogo.

Usisahau watu

Mfumo mpya ukiingia dukani, anayeuza husikia jambo moja: "Mkubwa haniamini." Asipoelezwa, atarudi kwa daftari lake kimya kimya, na wewe utabaki ukilipia programu yenye hesabu nusu. Kaa naye kabla ya kununua. Mwite shemeji aje Kitale aone maonyesho ya muuzaji na aulize maswali yake, maana yeye ndiye anajua foleni ya Bungoma inavyokuwa. Kila mtu awe na jina na neno lake la siri, wasitumie moja wote. Na wewe mwenye duka ufuate kanuni hiyo hiyo: ukichukua kilo mbili za mbegu kwenda nazo nyumbani, ziandikwe.

Anza wiki hii

Huhitaji kununua chochote leo. Omba stetimenti ya Till ya mwezi uliopita, chagua siku moja, na uilinganishe na daftari la siku hiyo, malipo kwa malipo. Kisha fuata lile gunia moja. Ukimaliza utakuwa na karatasi mbili zinazoonyesha shida yako iko wapi hasa, na muuzaji yeyote akija utajua la kumuuliza.

Kumbuka: hakuna mfumo, muuzaji wa programu wala mfanyakazi wetu anayehitaji PIN yako ili kukuunganisha. Akiiomba, kata simu.