Intaneti Ipi Yaifaa Nyumba Yako?

Ndugu msomaji uishiye Chapwa, Tunduma, siku hizi fedha za intaneti zimeingia katika bajeti ya nyumba pamoja na za unga na mkaa. Hapana budi kuchagua kwa hesabu.

Kifurushi cha simu humfaa mtu mmoja atembeaye na kazi yake. Hununuliwa kidogo kidogo, lakini mara nyingi muda ukiisha salio nalo hupotea. Ruta yenye laini ya simu hugawia nyumba nzima, ila hutegemea mnara. Watumiaji wakizidi jioni, kasi hupungua. Faiba, yaani waya wa nyuzi za kioo uingiao ndani, haigombanii mnara na majirani. Yafaa familia yenye wanafunzi, au duka. Mkongo wa Taifa hufika Tunduma na kuungana na Zambia. Lakini kufika mjini si kufika mtaani kwako. Uliza kabla ya kulipa.

Tena jihadhari: hapa mpakani simu yaweza kunasa mnara wa Nakonde, ukatozwa gharama za ugenini. Zima ruhusa ya kutumia data kupitia mitandao ya nje. Mali bila daftari huisha bila habari.