Usalama wa Mtoto Mwigizaji katika Filamu za Kutisha: Mfano wa Linda Blair

Filamu ya The Exorcist, iliyoongozwa na William Friedkin na kuanza kuoneshwa nchini Marekani tarehe 26 Desemba, 1973, ilimpatia umaarufu Linda Blair, aliyeigiza kama msichana aliyepagawa na pepo. Upigaji picha ulipoanza mwaka 1972, alikuwa na umri wa miaka 13.

Mambo yaliyowatisha watazamaji yalikuwa kazi ya mafundi na waigizaji. Sauti ya pepo ilitolewa na Mercedes McCambridge, na chumba kilipozwa kwa mitambo hadi pumzi ikaonekana kama moshi. Hata hivyo, baridi hiyo ilikuwa ya kweli, naye Blair alivaa gauni jepesi la kulalia. Aidha, aliumia mgongo baada ya kulegea kwa mikanda ya kifaa kilichomrusharusha kitandani.

Filamu ilipotoka, alipokea vitisho na kulazimika kuwekewa walinzi, ingawa mwaka 1974 aliteuliwa kuwania Tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora msaidizi wa kike.

Mfano huo unaonesha kuwa hatari kwa mtoto mwigizaji haitokani na pepo wa hadithi, bali mazingira ya kazi na mapokeo ya jamii. Hivyo, ulinzi wake hauna budi kuanza kabla ya kamera kuwashwa na kuendelea baada ya filamu kutoka.