Kompyuta Kuukuu Isiyo na Picha: Usiitupe!

Ukipata kompyuta kuukuu kwa fundi, iwe Jinja au Mbale, ukaiwasha ukaona kioo cheusi chenye maandishi tu, usiseme imekufa. Inangoja amri.

Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, hufanya kazi bila picha wala mausi. Debian 12 ya 2023 ikiwa ya maandishi tu, memori ya MB 512 yatosha. Ila Debian 13 ya 2025 haiwekwi tena kwenye mashine za biti 32. Mwambie fundi akuwekee 12.

Ukishaingia, andika ls, piga Enter: mafaili yako hayo. Andika nano familia.txt, ukurasa unafunguka. Sasa weka majina ya watoto, tarehe na mahali walipozaliwa. Ctrl na O, kisha Enter, ni kuhifadhi. Ctrl na X ni kutoka. Kuzima ni poweroff, ukiwa umeingia kama root. Usichomoe waya hivi hivi!

Kwa nini tuhangaike? Wakenya waliokimbia vurugu za uchaguzi, wakapokelewa Mulanda, Tororo, mwaka 2008, hawakupata nafasi ya kufungasha. Vyeti vikipotea, ni kumbukumbu tu inabaki, na tarehe zikigongana siku ya mahojiano, anayeumia ni mtoto.

Neno la siri usimpe mtu. Kisha nakili yote kwenye daftari, maana siku moja mashine itakufa kweli.