Nyumba mpya na biashara ya nyumbani: mtaji usizikwe kwenye msingi

Pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, kuanzia Mbagala na Chanika hadi Goba, na hata Kibaha mkoani Pwani, nyumba nyingi mpya zina sura moja. Nyuma kuna boma la vyumba vitatu au vinne, na mbele kuna fremu moja au mbili zinazotazama barabara. Mwenye nyumba anataka mambo mawili kwa fedha ile ile: mahali pazuri pa kuishi na mahali pa kupatia riziki.

Mpango huo ni mzuri. Tatizo ni kwamba fedha ya kununulia mali na fedha ya saruji hukaa katika mfuko mmoja, na mara nyingi saruji ndiyo inayoshinda. Matokeo yake ni mapagale yanayoota majani na maduka yenye rafu tupu.

HESABU YA BATI NA MALI

Tuseme mfanyabiashara ana mali ya Sh. 5,000,000/- dukani. Mali hiyo inazunguka mara mbili kwa mwezi, na kila mzunguko unaacha faida ya asilimia 10. Kwa mwezi anapata Sh. 1,000,000/-. Matumizi ya familia, pamoja na pango la nyumba la Sh. 150,000/-, ni Sh. 600,000/-. Zinabaki Sh. 400,000/- za ujenzi.

Sasa anaona boma lake limesimama bila paa na masika yanakaribia. Anachomoa Sh. 2,000,000/- dukani ili aezeke na kuhamia. Mali inabaki Sh. 3,000,000/- na faida inashuka hadi Sh. 600,000/- kwa mwezi. Kwa kuwa halipi tena pango, matumizi yanakuwa Sh. 450,000/-, na ziada ni Sh. 150,000/- tu. Hata akirudisha kila shilingi ya ziada dukani, itamchukua karibu miezi minane kufikisha mali pale ilipokuwa.

Kama angesubiri na kuweka akiba ile ya Sh. 400,000/- kila mwezi, angepata fedha ya paa kwa miezi mitano, na duka lingebaki na mali yake yote. Kawia ufike.

Hata hivyo, hesabu hii ina upande wa pili. Iwapo mali inalala rafuni kwa sababu wateja wa mtaa huo ni wachache, kuongeza mali hakuongezi faida. Mwenye duka la namna hiyo anaweza kupunguza bidhaa zisizotoka na kuzihamishia fedha zake kwenye nyumba bila hasara kubwa. Jambo la kuangalia ni mzunguko. Ndiyo maana daftari la mauzo ya kila siku ni lazima kabla ya kumwita fundi.

FREMU MOJA INAKULA NINI

Ukuta wa tofali za saruji za nchi 6 unahitaji wastani wa tofali 10 kwa mita moja ya mraba. Fremu ya mita 4 kwa 3.5, yenye kimo cha mita 3, ina ukuta wa mita za mraba 45. Ukitoa mlango na dirisha, zinabaki kama mita 40, yaani tofali 400. Kwa makadirio ya tofali 30 kwa mfuko wa kilo 50, hiyo ni mifuko 14 hivi kwa tofali peke yake, kabla ya msingi, lenta, lipu na sakafu. Fremu ikishirikiana ukuta wa mita 4 na nyumba kubwa, zinaokolewa tofali kama 120. Kwa hiyo ni nafuu kuchora fremu na nyumba kwa pamoja tangu mwanzo kuliko kuibandika baadaye.

Bei za vifaa nazo hazitabiriki. Uzalishaji wa saruji nchini umeongezeka sana tangu kiwanda cha Wazo Hill kilipoanza mwaka 1966, na kiwanda cha Dangote kilianza Mtwara mwaka 2015. Pamoja na hayo, Novemba 2020 saruji iliadimika na bei ikapanda kwa ghafla. Mjenzi mwenye fedha kidogo hufanya vizuri kununua vitu visivyoharibika, kama nondo na mabati, mapema na kwa awamu. Saruji isinunuliwe ya kukaa stoo miezi mingi, maana hushika unyevu na kuganda.

NYUMBA YENYE STAREHE

Starehe haitokani na vigae. Katika pwani, nyumba ya starehe ni ile inayopitisha hewa. Kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lipige kuta fupi. Madirisha yakabiliane, upepo wa kusi na wa kaskazi upate pa kuingilia na pa kutokea. Paa lizidi ukuta vya kutosha ili kukinga mvua na jua. Mambo haya yakipangwa kwenye ramani hayaongezi gharama kubwa, na hupunguza matumizi ya feni kila mwezi.

Aidha, biashara iwe na mlango wake. Mteja wa cherehani, saluni au barafu asipite sebuleni. Mpishi wa vitumbua na maandazi anahitaji jiko la nje lenye bomba la moshi, pamoja na tangi la maji. Mfugaji wa kuku wa mayai akumbuke kwamba mita moja ya mraba inatosha kuku watano hivi. Kuku 200 wanataka banda la mita 40, ambalo ni kubwa kuliko vyumba viwili vya kulala, nalo liwe upande ambao upepo hauleti harufu ndani. Wenye kisima waweke choo mbali nacho, mita 30 au zaidi.

Umeme nao uhesabiwe. Wateja wa nyumbani wanaotumia kiasi kidogo, kisichozidi uniti 75 kwa mwezi, wamewekewa bei nafuu. Friza kubwa ya juisi na barafu inaweza kumtoa mtu kwenye kundi hilo, na faida iliyokuwa kwenye karatasi ikaishia kwenye LUKU.

SHERIA NA MIKOPO

Kabla ya kununua kiwanja, mnunuzi aulize halmashauri kama eneo limepangiwa makazi peke yake au makazi na biashara. Kubadili matumizi ya ardhi kunahitaji kibali, na kujenga kunahitaji kibali kingine. Karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa siyo hati ya kumiliki ardhi. Mwenye fremu anayepangisha akumbuke pia kodi ya zuio ya asilimia 10 ya pango.

Mikopo ya nyumba ilipata pigo Benki ya Nyumba Tanzania ilipofungwa mwaka 1995. Sheria ya mwaka 2008 na kuanzishwa kwa kampuni ya TMRC mwaka 2010 vilifungua tena mlango, lakini masharti yake yanamfaa zaidi mwenye mshahara unaopita benki. Ndiyo maana wafanyabiashara wengi huweka nyumba rehani ili wapate mkopo wa biashara.

Hapo pana hatari ya pekee. Kwa mtu ambaye duka lake liko ndani ya nyumba yake, mkopo ukishindikana, pa kulala na pa kuuzia vinapigwa mnada siku moja. Sheria ya Ardhi inataka mwenzi wa ndoa aridhie kabla ya nyumba ya familia kuwekwa rehani. Wanandoa wasilichukulie sharti hilo kama kujaza fomu tu. Wakae na daftari la mauzo mezani, waone kama rejesho la kila mwezi linatoka kwenye faida au kwenye mali yenyewe.

Kwa mwenye kipato kidogo, mpangilio ulio salama ni huu: kiwanja chenye hati, biashara ndogo katika nyumba ya kupanga, daftari la miezi sita, ramani ya nyumba na fremu pamoja, kisha ujenzi wa awamu kwa fedha ya faida. Fremu na chumba kimoja vikiezekwa kwanza, pango linakoma na biashara inahamia barabarani. Vyumba vingine vitafuata kadiri duka linavyolipa.